Shemeji, rudisha lori lako Voi

Jumamosi iliyopita tulikuwa na arusi Hola. Pilau ilipokwisha, wanaume wakahamia chini ya mwembe na sisi wanawake tukaachiwa masufuria, kama kawaida. Mimi sikumaliza hata sufuria moja, kwa sababu nilimsikia shemeji yangu akitaja hirola, yule swala wa huku kwetu aliye karibu kwisha.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu. Anaendesha gari la watalii Voi, huu mwaka wa kumi na mbili, na akishashiba hakuna jambo asilolijua. "Nyinyi watu wa Garissa na Tana River," alikuwa akisema, utadhani yeye kazaliwa Ulaya, "mnyama kawashinda. Hawafiki hata mia tano. Tupeni sisi tuwahamishie Tsavo. Malori kumi, wiki moja, kazi kwisha."

Wazee wakacheka. Nilimjibu, lakini nilimjibu vibaya, kwa maneno ya arusini, huku nimebeba mtoto wa watu mgongoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani kila nikipanda pikipiki. Basi shemeji, jibu lenyewe ni hili. Agiza chai.

Kwanza niseme mimi ni nani katika habari hii, maana si mtaalamu wa wanyamapori. Mimi ni mtu wa mifugo. Nachanja mbuzi, kondoo na ng'ombe, naangalia minyoo na kupe, na mara mojamoja namzalisha ngamia ambaye mwenyewe kashakata tamaa. Ng'ambo ya mto Tana, Masalani, Kotile na vijiji vya Ijara, yeyote mwenye sindano na kisanduku cha barafu huitwa daktari, kwa hiyo nami naitwa daktari. Hirola nimewajua njiani tu, nikienda kwenye kazi nyingine. Pengine ndiyo maana siwaoni kama anavyowaona mtu mwenye darubini na abiria sita wenye kofia.

Kwa asiyemjua: hirola ni wa ukoo wa kongoni na nyamera. Rangi yake ni ya mchanga uliokauka, mkia mweupe, pembe ndefu zenye pingili, na katikati ya macho ana mstari mweupe kama fremu ya miwani. Chini ya kila jicho ana tezi nyeusi, na akiwa mbali unaweza kuapa kwamba ana macho manne. Makao yake ya asili ni nchi kavu iliyo kati ya mto Tana na mto Juba wa Somalia. Vitabuni anaitwa Beatragus hunteri, jina la mwindaji Mwingereza aliyempata karibu na Tana mwaka 1888, ingawa wafugaji walikuwa wakimpita kila asubuhi bila kumwita kwa jina la mtu. Katika jenasi hiyo yuko peke yake. Kongoni ana ndugu kila pembe ya Afrika. Huyu hana, akiondoka hakuna wa kukaa kwenye kiti chake.

Marehemu baba yangu alikuwa mchanjaji wa serikali miaka ya themanini, wakati wa sotoka. Vijana wa leo hawaijui sotoka, na hilo ni jambo la kushukuru. Ni ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiingia zizini Jumatatu, na Jumatatu ya pili zizi linabaki na nzi. Macho yanatoa machozi, mdomo unaoza, mnyama anaharisha mpaka anakauka akiwa amesimama. Baba alitusimulia silanga moja, bwawa la kunyweshea mifugo, upande wa Ijara ambayo waliifikia wakakuta mizoga imelala pande zote mbili za maji. "Ng'ombe na hirola pamoja," alisema. "Ukiwa mbali huwezi kujua yupi ana mwenyewe na yupi ni wa Mungu."

Miaka ya 1970 hirola walikuwa zaidi ya 10,000. Kati ya 1983 na 1985, sotoka ilipokutana na ukame, katika kila kumi walisalia mmoja au wawili. Wafugaji nao walifilisika, lakini mfugaji ana ndugu wa kumpa mtamba mmoja wa kuanzia. Baada ya miaka kadhaa maziwa yalirudi kwenye vibuyu.

Sotoka ilionekana Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa Meru. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imetokomezwa duniani kote. Baba alisikia habari hiyo redioni, amekaa uani na mguu wake mbovu juu ya kigoda. Nilidhani atafurahi. Alinyamaza kwanza, halafu akaniuliza: "Haya, ugonjwa umekwisha. Sasa mbona hawarudi?"

Hilo swali, shemeji, ndilo ninalokuuliza na wewe kabla hujawasha lori. Ng'ombe walirudi. Mbuzi walirudi mpaka wakazidi. Hirola mbona wamekwama chini ya mia tano kwa miaka hii yote, na yule muuaji wao alishazikwa? Anayesema ana dawa ya hirola aanzie hapo.

Sasa lori. Si jipya. Mwaka 1963 hirola thelathini hivi walikamatwa huku wakapelekwa Tsavo Mashariki, nje kabisa ya makao yao ya asili. Mwaka 1996 wakapelekwa wengine 29. Huo mwaka wa pili wenyeji wa Garissa hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, wakisema huyu mnyama ni wa ardhi yetu, hamwezi kumbeba usiku na mchana bila kutuuliza. Mahakama ikakubali kwamba wana haki ya kusikilizwa, na uhamishaji zaidi ukazuiwa. Wako wanaosimulia kisa hicho kana kwamba wafugaji walikuwa wakaidi. Mimi nakisimulia tofauti. Ni wapi pengine umeona wachungaji wakienda kortini kumpigania mnyama asiye na nyama ya kuuza wala maziwa? Ukipanda mbegu ya uhifadhi Ijara leo ikaota, ujue udongo wake ulitifuliwa mwaka ule.

Na hao waliofika Tsavo? Wapo, alhamdulillahi. Lakini tangu 1963 mpaka leo bado wanahesabiwa kwa makumi. Tsavo kuna simba wengi, kuna ukame wake, na kundi lilianza dogo likabaki dogo. Nilikuuliza pale chini ya mwembe, katika miaka kumi na mbili umewaona mara ngapi, ukasema nne. Mara nne, na kazi yako ni kuwatafuta wanyama! Sisemi kundi la Tsavo halina maana. Ni akiba, kama ile noti mama anayoifunga kwenye pindo la leso. Lakini huwezi kufungulia duka kwa noti ya pindo la leso.

Njia ya pili ni uzio, na hapa nakiri nilikuwa mpinzani. Ishaqbini, karibu na Kotile, wenyeji walitenga ardhi yao ya jumuiya kwa ajili ya hirola, na mwaka 2012 kikazungushwa kipande cha kama kilomita za mraba 30 kwa waya ambao simba, chui na mbwa mwitu hawapenyi. Hirola 48 wakaingizwa, wengine wakiswagwa kwa helikopta. Siku zile nilikuwa Masalani, na wazee walikuwa wakiuliza kwa nini ndege inafukuza mbuzi. Mimi nilisema huo ni ufugaji, si uhifadhi. Nilikosea, angalau nusu. Ndani ya uzio ndama waliacha kuliwa, na wale 48 baadaye wakapita mia moja. Nje ya uzio hakuna kundi lililofanya hivyo. Kwa hiyo lile swali la baba lina kipande cha jibu hapo: wanaliwa. Mnyama mwingi humlisha simba na akabaki. Mnyama mchache kila ndama aliyeliwa ni hasara ya ukoo.

Hapo watu wengine huruka moja kwa moja: basi waueni simba na mbwa mwitu wa Ijara. Sitakaa sana hapa. Mbwa mwitu naye yuko hatarini, na kumwua mmoja aliye karibu kwisha ili kumwokoa mwingine aliye karibu kwisha ni kama kuuza mlango ili ununue kufuli.

Tatizo la uzio ni jingine. Kilomita za mraba 30 zinajaa. Hirola dume ana eneo lake, na hapendi kuona dume mwenzake akinusa majike yake, ukiwabana wanaumizana. Tena hirola anapenda nyasi fupi, zile ambazo ng'ombe ameshapita akazipunguza. Hiyo nimeiona mwenyewe mara nyingi: asubuhi ng'ombe wamelala boma la zamani, jioni hirola wako palepale wakila chipukizi. Ukimfungia mahali ambapo hakuna ng'ombe, nyasi zikipata mvua zinarefuka mpaka kifuani. Zaidi ya yote, mtu anayezaliwa ndani ya waya hajui simba. Siku ukifungua geti unamtoa kwa nani?

Na mimi kama mtu wa sindano nina hofu yangu, ambayo huwa inanitoa usingizini. Ugonjwa unapenda msongamano. Saiga wa Kazakhstan, mnyama wa mbugani kama hirola, mwaka 2015 walikufa takriban laki mbili kwa wiki chache, kwa bakteria ambao kwa kawaida hukaa tu kooni bila kudhuru. Halafu majira ya baridi ya 2016 kuingia 2017, saiga wa Mongolia wakapigwa na sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu ya ile sotoka ya baba. Na hiyo sotoka ya mbuzi bado tunayo huku. Naichanja. Kila nikifika boma lililo jirani na uzio, namkumbuka baba na silanga yake. Mtu akiniambia tuwaweke hirola wote sehemu moja salama, mimi nasikia neno moja tu: msongamano.

Zuu? Leo hakuna hirola hata mmoja kwenye zuu yoyote duniani. Hii ni njia ambayo choroa wa Arabuni waliipita: waliisha porini mwaka 1972, wakazalishwa Marekani, na mwaka 1982 wakaachiwa jangwani Oman. Jirani yangu mmoja ana shangazi Muscat, na husimulia jinsi kabila la Harasis walivyokuwa wakiwalinda choroa kama ngamia wao. Ni habari nzuri mpaka ufike sura ya pili. Ujangili ukarudi, wakapungua tena vibaya, na mwaka 2007 hifadhi yao kule Oman ikafutwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Choroa wenyewe hawakuisha, kwa sababu kulikuwa na wengine mahali pengine. Sisi hatuna wengine. Tungeanza kwa kuwakamata wachache tulio nao, na hirola ni mnyama wa mshtuko, anaweza kufia mikononi mwako kwa hofu tu. Na kusubiri mpaka tulazimike ni vibaya zaidi: tazama wale faru weupe wa kaskazini kule Ol Pejeta, dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018, wamebaki majike wawili, mama na binti. Pale njia ya kuzaana kwa kawaida imeshafungwa, imebaki ya maabara.

Sasa nikuambie ninachokiamini, shemeji, na ukitaka kubisha ubishe ukiwa umeshaona.

Ukisimama leo juu ya tangi la maji nje kidogo ya Masalani ukatazama mashariki, unaona vichaka. Migunga, miiba, vichaka, migunga. Mzee mmoja wa Kotile, mteja wangu wa miaka mingi, aliniambia kwamba alipokuwa kijana alikuwa akisimama mahali fulani akaona ng'ombe wa mjomba wake mwendo wa nusu siku. Nilimwambia, "Mzee wangu, macho ya ujana hayo." Hakucheka. "Daktari," akasema, "si macho. Ni nchi iliyofumba."

Na utafiti umempa haki. Abdullahi Ali, mtoto wa Garissa aliyesomea hirola mpaka udaktari wa falsafa na kuanzisha mpango wa kuwahifadhi nyumbani kwao, alipitia na wenzake picha za setilaiti za nchi hii. Kati ya 1985 na 2012 miti iliongezeka zaidi ya mara tatu, na nyasi zikarudi nyuma. Hapo ndipo swali la baba lilipopata jibu lake kubwa. Sotoka iliwaua, na walipotaka kurudi wakakuta nyumba imeota miti. Hirola ni mnyama wa uwanja. Anategemea macho na mbio. Mtie kichakani, anakula vibaya na anaviziwa vizuri.

Kwa nini miti? Malisho kuchoka ni sababu moja, lakini kubwa ni tembo. Ijara ilikuwa nchi ya tembo. Majangili wa miaka ya sabini na themanini waliwamaliza au wakawafukuza, na tembo ndiye fundi wa kung'oa migunga bila kudai ujira. Alipoondoka, hakuna aliyechukua kazi yake.

Kilichonishangaza zaidi ni kile wafugaji walichosema walipohojiwa na watafiti haohao. Ungetegemea waseme kateni miti, tembo tusimwone. Walisema kinyume. Tembo arudi, ndiyo. Nyasi zipandwe, ndiyo. Miti ikatwe, hapana. Udongo uchimbwe kwa mashine, hapana. Mifugo ipunguzwe, usilitaje kabisa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu nawajua. Mti ni kivuli cha mbuzi na chakula cha ngamia. Mtu akija na shoka kutoka mjini kukata mgunga, hata kwa nia njema, anakata kitu cha mtu. Tembo akiung'oa, ni kazi ya Mungu, hakuna wa kugombana naye.

Kwa hiyo ukiniwekea shilingi mia mkononi leo, zaidi ya nusu ningeitia kwenye nyasi: mbegu za nyasi za hapahapa, vijana wa vijijini wa kuzipanda kabla ya mvua za Oktoba, na mahali pa kupumzisha malisho yanapochoka, kwa makubaliano ya wazee, si ya karatasi. Nyasi zina uzuri mmoja ambao lori halina. Mzee wa Kotile anazitaka. Hirola akila, ng'ombe wake naye anakula. Sihitaji kumfundisha upendo wa wanyamapori. Sehemu ningeipa ulinzi wa tembo wachache wanaoanza kurudi, na hapo nakiri kuna sura ngumu, kwa sababu tembo huyohuyo akivuka mto kuja kwetu mashambani, mume wangu hatamwita fundi. Uzio ningeubakiza, lakini kama ghala la mbegu. Na ningetaka maghala mawili au matatu yaliyo mbali mbali badala ya moja kubwa, kwa sababu ile niliyokueleza ya sindano. Tsavo iachwe na wake. Inayobaki nipe mimi ya chanjo ya mbuzi. Najua nitaambiwa navutia kwangu, na ni kweli navutia kwangu.

Ubaya wa njia yangu ni kwamba ni ya polepole. Mgunga ulioota miaka thelathini hauondoki kwa bajeti ya mwaka mmoja, na wafadhili hupenda kupiga picha na helikopta kuliko na gunia la mbegu. Halafu kuna usalama. Upande wa msitu wa Boni kuna sehemu ambazo mimi mwenyewe siendi, chanjo au hakuna chanjo, na hirola walioko huko wanaishi kwa bahati yao. Ukiniuliza kama hirola wana muda wa kusubiri nyasi, kuna siku nasema ndiyo, na kuna siku, hasa mwezi wa pili jua likiwa limekausha kila kitu, namtazama dume wa hirola amesimama peke yake kwenye uwanja uliobaki mdogo kama wa mpira, nasema lori la shemeji lisiende mbali sana.

Lakini bado nasema rudisha.

Kesho kutwa navuka kwenda Kotile, vichupa vimo kwenye barafu, na yule mzee ameniahidi maziwa ya ngamia. Na wewe, nilikuwa karibu kumaliza kuandika haya simu ikalia. Umenitumia picha kutoka barabara ya Aruba, huko Tsavo, umeandika kwa herufi kubwa: MARA YA TANO, DAKTARI! Nimeikuza mpaka ikawa vumbi tupu. Uso mrefu, pembe fupi zimepinda kama mpini wa baiskeli, hana mstari wa miwani.

Ni kongoni, shemeji. Na sasa nina wasiwasi na zile nne.